Mwili Uliozaa Si Kasoro

Mawaidha yaliyotolewa katika darsa ya Ramadhan ya kina mama na wasichana, Kisauni, Mombasa, baada ya sala ya alasiri

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah Subhanahu wa Taala, aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu tukiwa na uhai na imani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kwanza naomba radhi. Katika kikao hiki wako mama walionisomesha alifu na be, na wako waliozaa kabla mamangu hajaolewa. Mimi bado ni mwanafunzi wa chuo, sijaolewa wala sijazaa. Ustadha aliponiambia nizungumze juu ya wanawake wanaotaka kupasuliwa matiti ili yarudi kama zamani baada ya kuzaa, nilitaka kukataa. Nikamwambia, "Ustadha, Ramadhan yote hii hakuna mada nyengine?" Akanijibu, "Swali hili nimeulizwa mara tatu tangu Shaaban. Wanaouliza huja usiku na uso wameufunika. Afadhali tulijibu mchana."

Basi tulijibu mchana. Haya ni katika imani, lakini haya haikuwekwa ili itunyime elimu. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ummu Sulaym (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) mambo ya ndani kabisa ya mwanamke, na hakukemewa, alijibiwa. Kwa hiyo asitokee mtu akasema tumeleta maneno ya chumbani msikitini.

JIBU NILILOLITOA KWA HARAKA

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Ninaye dadangu, mtoto wa mama mdogo, anakaa Likoni. Amenipa ruhusa nisimulie kwa sharti nisimtaje. Ana watoto watatu, na wa mwisho bado ananyonya. Mumewe yuko kazini Ghuba, huja mara moja kwa mwaka. Alipokuja mara ya mwisho alimtazama akibadilisha nguo akacheka, akasema, "Wewe nawe umeshakuwa nyanya." Dadangu naye akacheka. Kisha akaingia bafuni, akafungua maji ili watoto wasimsikie akilia.

Tangu siku hiyo akawa hajitazami kwenye kioo. Zamu yake ya mchezo ilipofika, pesa hakununulia kitu, aliziweka. Usiku watoto wakilala, yeye na simu, akitazama picha za wanawake kabla na baada ya upasuaji. Mwezi wa Rajab akanipigia. "Wewe umesoma madrasa, sasa uko chuo. Niambie, kufanya upasuaji wa matiti ni haramu au si haramu?"

Hata hajamaliza, nikamjibu, "Haramu, dada. Ni kubadilisha maumbile ya Allah."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Sawa, ahsante," akakata simu. Wiki mbili hakunipigia tena.

Ndugu zangu, nilikuwa nimetoa fatwa kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchagua mahamri dukani. Sikumuuliza ana maumivu au hana. Sikumuuliza nani kamwambia nini. Nilijua aya, lakini sikumjua aliye upande wa pili wa simu. Nikaenda kwa Ustadha, akanituma nisome. Nikaenda kwa daktari mmoja wa kike, nikamuuliza. Ninayowaambia leo ndiyo niliyoyapata, na penye kosa ni langu na shetani.

MWILI HUBADILIKA VIPI

Mwanamke akishika mimba, matiti huanza kujitayarisha. Tezi za maziwa huongezeka, mirija hukua, na ngozi hutanuka kupisha kazi hiyo. Mtoto akiachishwa ziwa, tezi husinyaa kwa kuwa kazi imekwisha, lakini ngozi iliyotanuka hairudi yote. Ndiyo maana ziwa hulala. Si ugonjwa, wala si uzembe wa mwanamke. Hivyo ndivyo mwili unavyofanya baada ya kazi kubwa.

Hapa kuna jambo ambalo nataka wasichana walishike, maana hata mimi lilinishangaza. Wengi wetu tumeambiwa kwamba kinachoangusha matiti ni kunyonyesha. Wako kina dada humu mitaani, Mishomoroni, Bakarani, Magongo, Mtongwe, wanaompa mtoto chupa mapema kwa kuogopa hilo tu. Mwaka 2008 Dkt. Brian Rinker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walitoa uchunguzi wao juu ya wanawake waliokuja kutaka upasuaji wa matiti. Waliona kwamba yaliyohusika na kulala kwa matiti ni umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili, ukubwa wa matiti kabla ya mimba, na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuonekana kuwa sababu.

Yaani aliyemnyima mtoto ziwa ili abaki kama msichana, amemnyima bure. Mimba yenyewe ilikwisha kufanya kazi yake. Na chupa hapa kwetu si jambo jepesi. Mwajua shida ya maji. Maji ya mkokoteni yanayouzwa kwa mtungi hatujui yametoka wapi, na ndiyo hayo yatakayokorogewa maziwa ya mtoto.

Kunyonyesha kuna faida kwa mama mwenyewe pia. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya pamoja tafiti 47 kutoka nchi 30, wakakuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha humpunguzia mwanamke hatari ya saratani ya matiti kwa kiasi cha asilimia 4.3.

Sasa tazameni Kitabu chetu. Katika Suratul Baqarah, aya ya 233, Allah anataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Katika Suratu Luqman, aya ya 14, anataja udhaifu juu ya udhaifu wa mama aliyebeba mimba, kisha anaamuru shukrani kwake Yeye na kwa wazazi wawili. Mamake Nabii Musa (A.S.), mtoto alipokuwa anatafutwa auawe, jambo la kwanza aliloamrishwa ni kumnyonyesha, kabla hata ya kumtia mtoni. Lipo katika Suratul Qasas, aya ya 7. Na mwezi huu huu tulio nao, anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake ameruhusiwa kufungua. Sheria imeliheshimu ziwa la mama hata ikalilegezea nguzo ya dini. Vipi sisi tulifanyie dhihaka?

DINI YASEMAJE

Nakuja kwenye hukumu. Mimi si mufti, nanukuu waliosoma.

Msingi ni kwamba kubadilisha maumbile ya Allah kumekatazwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, kubadilisha maumbile kumetajwa miongoni mwa mambo ambayo shetani ameapa kuwaamrisha watu. Na katika hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (R.A.), iliyo katika Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja chale za mapambo na wanaotenganisha meno yao kutafuta uzuri. Maulamaa wameshika hilo la kutafuta uzuri. Wamesema, anayetengeneza jino kwa sababu ya ugonjwa au kasoro hayumo.

Ushahidi ni kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.). Huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akatengeneza pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu, na twajua dhahabu kwa mwanamume asili yake ni haramu. Kisa hiki kimepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Hakuambiwa, "Vumilia, ndiyo kudura." Alisaidiwa arudi kuwa na uso.

Katika zama zetu, maulamaa wa Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, walikutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, katika kikao chao cha 18, wakatoa azimio nambari 173 juu ya upasuaji wa urembo. Waliruhusu ule unaorudisha kiungo katika umbile lake, au unaoondoa kasoro ya kuzaliwa nayo, au iliyoletwa na ajali, moto au maradhi. Wakataja wazi kumjenga upya titi mwanamke aliyekatwa, na hata kurekebisha titi ambalo ukubwa au udogo wake umefikia hali ya maradhi. Wakakataza upasuaji usiokuwa na tiba ndani yake, wa kufuata matamanio na kuiga watu. Hata makunyanzi ya uso hawakuruhusu yaondolewe kwa kisu au sindano ila pawe na ugonjwa, na pawe na usalama wa madhara.

Kwa hiyo iko milango miwili. Mama aliyekatwa titi kwa saratani, huyo ana ruhusa, na asisumbuliwe na maneno ya watu. Mama ambaye uzito wa matiti unamvunja mgongo na shingo, ngozi ya chini inachubuka kila wakati wa joto, daktari akasema dawa yake ni kupunguzwa, huyo naye yumo katika tiba. Mlango wa pili ni wa mwenye mwili mzima, hauumwi, anayetaka tu afanane na picha. Huo umefungwa.

Na dadangu wa Likoni yuko wapi? Yuko katikati, na hapo ndipo kwenye uzito. Wako maulamaa wanaosema mabadiliko ya kuzaa ni maumbile kama makunyanzi ya uzee, si kasoro, basi hayapasuliwi. Na wako wanaosema, yakipindukia mazoea mpaka yakaleta dhara la kweli la mwili au la nafsi, kwa ushahidi wa daktari muaminifu, huingia katika kuondoa dhara. Hata hao wa pili hawasemi kila aliyezaa aende. Wanasema dhara lithibitike kwanza. Dhara halithibitishwi na simu yenye picha, wala na mzaha wa mtu mmoja.

"Na mume akitaka mwenyewe?" Swali hili lina jibu la kale. Mwanamke wa Kiansari alimuoza bintiye, nywele za binti zikanyonyoka kwa maradhi. Mamake akaja kwa Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba mume ndiye anayetaka aunganishwe nywele. Akakatazwa. Kwa hiyo kumridhisha mume ni ibada, lakini hakuhalalishi lililokatazwa. Zaidi ya hayo, kufunua utupu mbele ya daktari kumeruhusiwa kwa haja ya tiba, na pakiwepo daktari wa kike aliye hodari ndiye wa kwanza. Pasipokuwa na haja, ruhusa hiyo nayo haipo.

KISU NACHO KINA MAMBO YAKE

Tuseme mtu amepata ruhusa ya tiba. Bado inampasa ajue anachokiendea.

Upasuaji wa kuinua matiti ni kukata ngozi iliyozidi na kupandisha chuchu. Alama za kisu hubaki. Mimba nyengine ikija, au umri ukienda, matiti hulala tena. Na kwa baadhi ya wanawake kunyonyesha baadaye huwa kugumu. Aina ya pili ni kutia vifuko vya silikoni ndani ya mwili.

Hivi vifuko vina kisa chake. Mwanamke wa kwanza kutiwa vya silikoni aliitwa Timmie Jean Lindsey, wa Houston, Marekani, mwaka 1962. Alikuwa mama wa watoto sita. Hakwenda hospitali kutaka matiti. Alikwenda kuondoa chale zilizochorwa kifuani! Madaktari ndio waliomuuliza kama atakubali kujaribiwa kitu kipya, na yeye alichokuwa anakitamani kwa siku nyingi ni kurekebishwa masikio. Masikio akafanyiwa, na vifuko akatiwa. Tafakarini hapo. Haja ya matiti mapya hakuja nayo, aliikuta hospitali. Na leo haja hiyo haingoji hata uende hospitali, yaingia ndani ya simu yako kitandani.

Baada yake wamefuata mamilioni, na si wote waliosalimika. Kampuni ya Ufaransa iitwayo PIP iligunduliwa mwaka 2010 kwamba ilikuwa ikijaza vifuko kwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa mwili wa binadamu. Wanawake kiasi cha 300,000 katika nchi nyingi walikuwa wamekwisha kutiwa. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni dunia nzima vifuko vyake vyenye ngozi ya kukwaruza, kwa kuwa vilihusishwa na aina ya saratani ya kinga za mwili. Na mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru kila kifuko kiuzwe na onyo kubwa, kwamba si kitu cha kudumu maisha yote. Maana yake anayeingia leo ajue huenda akarudi kupasuliwa tena.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji katika kliniki ya urembo, na nchi nzima ikasikia. Na kuna kisu kingine kisichoonekana, yale makrimu ya "botcho" na vidonge vya "yodi" vilivyotembezwa mitaani na masalunini kwa kuahidi nyonga na vifua. Mtu anapaka kitu asichojua kilichomo, halafu mtoto yule yule ananyonya hapo. Wallahi hili peke yake lafaa mawaidha ya siku nzima.

MKAJA WA MAMA

Sasa nataka turudi nyumbani.

Wazee wetu wa pwani, mwanamke akizaa, hakuachwa. Alikaa arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto, alichuliwa, alipikiwa uji wa pilipili manga, alifungwa tumbo kwa mkaja. Mama, shangazi, jirani, wote walikuwa wakimtumikia mzazi. Na siku mtoto huyo akiposwa, mposaji huambiwa kuna mahari ya bibi arusi, kuna kilemba cha baba, na kuna mkaja wa mama. Kuna na uweleko, kwa ajili ya nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Mahari ni haki ya bibi arusi peke yake kisheria, na hayo mengine ni desturi tu, wala hayafai kumkalifisha mtu. Lakini tazameni maana yake. Miaka 20 baada ya kuzaa, bado tumbo la yule mama lilikuwa linatajwa mbele ya wanaume, tena kwa heshima. Mwanamume mgeni aliambiwa, huyu msichana unayemtaka ana deni kwenye mwili wa mamake.

Leo mzazi yuko chumba cha kupanga Mwandoni au Mikindani. Mamake yuko mbali, mume yuko kazini zamu ya usiku bandarini, majirani hawajuani. Arobaini yake ni siku tatu. Wa kumkanda hakuna, wa kumwambia "mwanangu, sote tulikuwa hivyo" hakuna. Aliye naye ni simu, na ndani ya simu yumo msanii aliyezaa juzi, tumbo limekwisha kuwa kama ubao. Hajui kwamba picha ile ina taa, ina programu ya kunyoosha, na huenda ina daktari nyuma yake. Basi anajiona yeye ndiye peke yake aliyeharibika.

Ndiyo maana nasema mwili uliozaa si kasoro. Kasoro ni kumwacha mwanamke peke yake na kioo. Na wengi wanaotafuta daktari wa upasuaji walikuwa wanahitaji kwanza mtu wa kuwakanda mgongo na kuwasikiliza.

NENO KWA NDUGU WA KIUME

Najua maneno haya yatachapishwa, na kaka zetu watayasoma. Kaka zangu, ninasema kwa adabu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Mzaha wako mmoja wa chumbani unaweza kukaa ndani ya kichwa cha mkeo mwaka mzima. Wewe nawe umebadilika. Una kitambi cha biriani, na kipara kimeanza kupiga hodi, na hakuna aliyekutuma hospitali. Tena wewe hukubeba mimba.

Na tusidanganyane, mama zangu. Wanawake wetu wengi hawatafuti uzuri, wanatafuta usalama. Wanaogopa kuachwa, wanaogopa kuletewa msichana mdogo. Hofu hiyo kisu hakiiondoi. Mume ambaye ndoa yake inasimama juu ya ngozi, leo atapata sababu ya matiti, kesho ya magoti. Hofu hiyo huondolewa na mume kwa ulimi wake na mwenendo wake.

KABLA YA KUAMUA

Ikiwa kuna dada hapa bado jambo hili limemkaa moyoni, namuomba ajiulize haya.

Kwanza, naumwa au naona haya? Kama ni maumivu, nenda hospitali bila ya kungoja. Na ukihisi uvimbe, au ngozi ya titi imebonyea, au chuchu inatoa damu, hilo si suala la urembo kabisa. Usilifiche, usipake mafuta, nenda ukapimwe.

Pili, nimemaliza kuzaa, na mtoto ameacha ziwa kwa muda gani? Daktari aliniambia matiti huhitaji miezi kadhaa baada ya kuachisha, kiasi cha nusu mwaka, ndipo yatulie katika umbile lake. Anayepasuliwa kabla ya hapo anapasua kitu ambacho hakijamaliza kubadilika. Na upo msaada usiokuwa na kisu, kama sidiria ya kipimo sawasawa, mazoezi ya kifua na mgongo, na kupunguza uzito polepole kwa mwenye kuzidi.

Tatu, wazo hili limetoka wapi? Kwangu, kwa mume, au kwa simu? Na mume nimeshamwambia kwamba neno lake liliniumiza?

Nne, daktari ni nani? Baraza la Madaktari, KMPDC, lina orodha ya madaktari na hospitali zilizosajiliwa, na kila mwananchi ana haki ya kuhakikisha jina. Matangazo si cheti.

Tano, nimeshauriana na nimeswali istikhara? Twakimbilia istikhara tukisahau kwamba ushauri nao ni sunna. Muulize mwanachuoni, lakini mweleze hali yako yote. Na wewe unayeulizwa, hasa sisi vijana tuliosoma vitabu viwili vitatu, msikilize mtu kabla hujamhukumu.

Na iwapo dada amekwisha kufanya, kwa kujua au kwa kutojua, mlango wa toba uko wazi na siri yake ni yake. Asigeuzwe hadithi ya kwenye harusi. Kumfedhehesha ni dhambi yetu sisi.

MWISHO

Shaaban nilivuka feri nikaenda Likoni. Dadangu alikuwa jikoni, mtoto mgongoni kwa leso. Sikufungua kitabu. Nikamchukua mtoto, nikamuomba msamaha, nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ya kwanza, "Dada, kwani kumetokea nini?"

Alinisimulia yote mpaka magharibi. Mwisho akasema, "Mimi sikutaka fatwa. Nilitaka mtu aniulize kwa nini nalia."

Baadaye alimwambia mumewe kwa simu. Mume alinyamaza kwa muda, akasema hakujua kama neno lile alilichukua hivyo. Hakusema zaidi. Lakini tangu siku hiyo, dadangu aniambia, hupiga kila usiku baada ya tarawehe, na humuuliza yeye kwanza kabla ya watoto. Pesa za mchezo bado zipo. Amesema atamaliza kunyonyesha miaka yake miwili, kisha atakwenda kwa daktari na kwa Ustadha, ndipo aamue. Mimi simsukumi. Nimemwambia tu kwamba siku ya posa ya bintiye, nitakuwa wa kwanza kumdai mposaji mkaja wa mama.

Mama zangu mlio hapa, tafadhalini, leo mkirudi nyumbani kufuturisha, mtazameni binti yenu au mkwe wenu aliyezaa karibuni. Mpokeeni mtoto. Mwambieni neno moja zuri juu ya mwili wake. Huenda likamtosha.

Twamuomba Allah Subhanahu wa Taala atutakabalie saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, awape subira na heshima wanaonyonyesha, awarehemu mama zetu waliotutangulia, na azijaalie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.